Mama Lebo na Viatu vya Kunasa

Jina lake halisi limeandikwa kwenye kitambulisho cha hospitali, lakini hata mlinzi wa getini, aliyekikagua kitambulisho hicho kwa miaka kumi na mitatu, alimwita Mama Lebo. Hakuwa na mtoto aitwaye Lebo. Alikuwa na binti mmoja tu, na huyo tutafika kwake. Lebo ni zile karatasi ndogo zinazobandikwa kwenye vichupa vya damu, zenye jina la mgonjwa, tarehe na saa, na jina hilo alipewa na wauguzi waliochoka kumsubiri amalize kuzisoma.

Kazi yake ilikuwa kubeba sampuli. Kila siku ya kazi alitoka na baiskeli ya hospitali saa moja na nusu asubuhi, boksi la baridi limefungwa kwa mipira miwili kwenye keria, akaenda zahanati tatu kukusanya damu, mkojo na makohozi, akavifikisha maabara kabla ya saa sita. Alianza na ya mbali, kilomita kumi na moja nje ya mji, ambayo kilomita tatu za mwisho ni mlima mtupu. Kisha akateremka na kupitia zile mbili za mjini. Kwenye kila zahanati alisoma lebo, akasoma fomu, akasoma tena lebo. Muuguzi akiwa na haraka, yeye hakuwa nayo.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa pili kazini, wanawake wawili wenye jina moja walipimwa siku moja, na karatasi zao zikabadilishana. Mmoja akaambiwa ana ugonjwa ambao hakuwa nao, akaishi nao kichwani siku tisa, akawa ameshamwambia mumewe, na mume ameshahama chumba. Uchunguzi ulipofanywa, kosa lilionekana ni la mtu mwingine kabisa, na Mama Lebo hakuulizwa hata swali. Lakini vile vichupa vilikuwa vimepita mikononi mwake, naye alivipokea akiwa anacheka na muuguzi bila kuvitazama. Tangu hapo hakupokea kitu bila kukitazama.

Tabia ikamfuata nyumbani. Sukari ya dukani aliipima upya. Akipigiwa simu na namba asiyoijua, alikata, kisha akaipigia yeye ili asikie itapokelewa kwa sauti gani. Mumewe alikuwa kinyozi, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi, na alizoea kumtania.

"Mimi naweka wembe kwenye koo la mtu," alimwambia, "na anafumba macho. Hanidai fomu."

"Siku utakapomkata utaona kama hatadai," mkewe alijibu, na wakaendelea kula.

Basi, binti yao, aliyekuwa akiuza miwani kwenye duka moja mjini, akafika miaka ishirini na sita na akasema kuna mtu anataka kumleta nyumbani.

Mtu huyo alikuja Jumapili mchana. Alikuwa fundi wa baiskeli, mwenye kibanda chake karibu na stendi ya mabasi, umri wake miaka thelathini na mitatu, mrefu, mkimya, shati limepigwa pasi mpaka mikono. Alisalimia vizuri. Alikula alichopewa. Alipoulizwa kuhusu kwao, alisema wazazi wamefariki, amebaki na dada yake mkubwa ambaye hatoki sana. Kinyozi alimpenda kabla chai haijapoa. Mama Lebo alimtazama kucha. Zilikuwa safi, na jambo hilo lilimtia wasiwasi kiasi kwamba usiku alishindwa kunyamaza nalo.

"Fundi wa baiskeli mwenye kucha safi?"

"Ungependa aje na grisi kwenye sahani yako?" mumewe akauliza.

"Ningejua angalau kwamba anafanya kazi."

Jambo jingine aliloliona ni kwamba yule Fundi, kabla ya kuingia ndani, alisimama uani akaiangalia baiskeli ya hospitali kwa muda mrefu kuliko alivyowaangalia wenye nyumba. Akainama akagusa pedali. Wakati wa kuaga akamuuliza Mama Lebo kama mguu haumtelezi mvua ikinyesha. Ulikuwa unamteleza. Kwenye ugoko wake wa kulia palikuwa na makovu matatu, kila moja na mvua yake, lakini hakuona sababu ya kumweleza mgeni habari za ugoko wake. Akamjibu kwamba miaka yote hiyo amefika salama.

Wiki mbili baadaye Fundi akarudi na mfuko. Ndani mlikuwa na pedali mbili ndogo zisizo na mahali pa kukanyaga, kama mtu amezila pembeni akabakiza mbegu, na jozi ya viatu vyeusi vya kufunga kwa mikanda. Chini ya soli ya kila kiatu palikuwa na kipande cha chuma, mfano wa kikucha. Fundi alieleza taratibu. Unakanyaga, kikucha kinanasa kwenye pedali, mguu hautelezi tena, na mlimani unaweza kuvuta juu wakati mguu mwingine unasukuma chini. Ukitaka kutoka, unapeleka kisigino nje, kinaachia.

Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema ameona watu wakifungwa pingu mikononi, lakini mkwe kumfunga mkwewe miguuni hiyo ni mpya.

Mama Lebo hakucheka. Aliuliza bei. Fundi akasema ni zawadi. Alivaa kiatu kimoja ili amalize shughuli, na kiatu kikamkaa sawasawa, namba thelathini na tisa, kama alipimwa. Hapo ndipo wasiwasi wake nao ulipokaa sawasawa. Alishukuru, akamwacha Fundi aende zake, kisha akavipeleka viatu dirishani kwenye mwanga, akavisoma.

Havikuwa vipya. Vilikuwa vimesafishwa kwa bidii, mikanda imebadilishwa, lakini ndani ya ulimi wa kiatu palikuwa na herufi mbili zilizoandikwa kwa kalamu ya wino, zimefifia. Hazikuwa herufi za Fundi. Na kiatu cha kushoto, upande wa nje, kilikuwa na mchubuko mrefu uliokula ngozi, uliopakwa rangi ya viatu juu yake ili usionekane. Viatu vilikuwa vya kike. Mwanamume asiye na mke, asiye na mama, alikuwa ametunza viatu vya mwanamke, akavisafisha, akaficha kovu lake, akavileta kwa mama wa binti anayemtaka.

Hakumwambia mtu. Alitaka kwanza aone aliyeleta viatu atasema nini kwa mdomo wake mwenyewe, na ili aone, ilibidi akubali kufundishwa.

Walikwenda Jumamosi jioni kwenye uwanja wa shule ya msingi, nyuma ya nyumba yao. Fundi alifunga zile pedali, kisha akatoa kifunguo kidogo cha pembe sita na kuilegeza skrubu iliyokuwa nyuma ya kila pedali, akazungusha mpaka haikuzunguka tena. Alieleza kwamba skrubu hiyo ndiyo inayoamua springi ikamate kwa nguvu kiasi gani. Akamwomba asiiguse, na asimruhusu mtu yeyote aiguse.

"Kwa nini?" Mama Lebo aliuliza.

"Ni vizuri ikikaa hivi, mama."

Fundi akamshikisha ukuta wa darasa, akamwambia anase na kuachia, anase na kuachia, mara hamsini mguu wa kulia, mara hamsini wa kushoto. Mama Lebo alihesabu. Fundi naye alihesabu, na wote wawili walipishana kwa moja, wakabishana kidogo. Kila kikucha kilipoingia kililia tak, na kila kilipolia, mwili wake ulisisimka kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje.

Kisha wakaachana na ukuta. Alizunguka uwanja mara mbili vizuri. Mara ya tatu alipunguza mwendo amwambie Fundi kitu, akasahau kwamba miguu si yake, akainama upande mmoja polepole sana, na akalala kwenye nyasi baiskeli ikiwa bado imemshika. Hakuumia hata kidogo. Alikuwa anaona aibu zaidi kuliko maumivu, maana watoto wawili waliokuwa wakicheza mpira walisimama kumtazama mtu mzima akianguka bila kusukumwa. Lakini alipoinua macho alimwona Fundi. Alikuwa amekimbia, amepiga magoti kando yake, na mkono aliounyoosha kumchomoa kiatu ulikuwa unatetemeka.

Mtu anayeuza kitu, Mama Lebo alijiambia akirudi nyumbani, hatetemeki kitu chake kinapojaribiwa, isipokuwa kama anajua jambo.

Na bado Jumatatu alivivaa. Alijisemea kwamba ni uchunguzi. Kwenye tambarare hakuona tofauti kubwa, ila miguu ilikuwa imetulia. Alipoanza mlima ndipo ajabu ilipomtokea. Mahali ambapo kwa miaka yote alishuka na kusukuma baiskeli, karibu na nguzo ya umeme iliyoinama, aliipita akiwa amekaa. Aligundua kwamba mguu unaopanda una kazi, kwamba nusu ya nguvu yake ilikuwa ikipotea hewani. Alifika zahanati ya mlimani mapema kuliko siku zote, akijihisi kama mtu aliyerudishiwa chenji zaidi. Hata furaha hiyo aliitilia shaka. Alisoma lebo za siku hiyo mara tatu.

Mambo yaliharibika Alhamisi. Alikuwa anarudi hospitali na boksi limejaa, vichupa kumi na vinne. Kwa kawaida mlinzi alimwona kwa mbali akainua kizuizi. Siku hiyo mlinzi alikuwa anazungumza na dereva wa gari la kuleta oksijeni, na kizuizi kilibaki chini. Mama Lebo alishika breki. Baiskeli ikasimama. Alitaka kuweka mguu chini kama alivyouweka mara elfu, akauvuta moja kwa moja juu badala ya kupeleka kisigino nje, na mguu ukakataa. Alianguka mbele ya geti, mbele ya foleni ya wagonjwa wa macho, kama gunia lililoachwa na mwenyewe.

Kabla hajajichomoa alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye keria. Mipira ilishika. Alifungua boksi palepale chini, akavitoa vichupa kimoja kimoja akivihesabu, mlinzi amesimama kando yake hajui aseme pole au acheke. Kumi na vinne, vyote vizima. Kiwiko chake ndicho kilichokuwa kinatoka damu.

Mkuu wa maabara, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alikuwa ameshapata habari kabla boksi halijafika mezani. Alikisafisha kiwiko mwenyewe, akakifunga, kisha akasema, "Mguu wako ni wako. Boksi ni la hospitali. Vitoe viatu hivyo."

Akavitoa. Alirudisha pedali za zamani mchana uleule.

Jioni, jua halijazama bado, Fundi alikuja mbio. Binti alikuwa amempigia simu. Alimpa pole Mama Lebo, akauliza kiwiko, akauliza goti, na kisha, kabla hata hajakaribishwa kiti, akauliza pedali ziko wapi. Zilikuwa kwenye ndoo uani. Alitoa kifunguo chake mfukoni, akachuchumaa, akajaribu skrubu ya kwanza, akajaribu ya pili. Zilikuwa zimelegea vilevile alivyoziacha. Akashusha pumzi ndefu, akakaa chini kwenye saruji na shati lake safi.

Mama Lebo alikuwa amesimama mlangoni anamwona. Mtu huyu alikuja kukagua skrubu, si kiwiko. Alikuwa anaogopa skrubu.

Fundi alipoondoka, Mama Lebo alimwita binti jikoni, akafunga mlango, akamwonyesha zile herufi ndani ya kiatu.

"Huyu ni nani?"

Binti alizitazama, akageuza uso. "Muulize mwenyewe, mama."

"Nakuuliza wewe. Ana mke?"

"Hana mke. Hajawahi kuwa na mke. Muulize mwenyewe." Na akatoka, na kwa siku mbili waliongea mambo ya chumvi na maji tu.

Kinyozi alimshauri aache. Alisema kila mtu ana droo yake asiyotaka ifunguliwe na wageni. Lakini maneno hayo hayakumzuia yeye mwenyewe, siku ya pili, alipokuwa anamnyoa mteja mmoja aliyewahi kukimbiza baiskeli za mashindano, kumtajia zile herufi mbili. Mteja hakufikiri hata kidogo. Alisema huyo si mwingine ila dada yake Fundi wa stendi. Alikuwa hapitwi mlimani, wanaume waliomfuata walimfahamu mgongo tu. Alianguka pale kwenye makutano ya maghala ya nafaka, miaka sita iliyopita, akavunjika nyonga, na hakupanda baiskeli tena. Mteja akaongeza kwamba watu walisema ni ile mitego ya miguuni ndiyo iliyomponza.

Kinyozi alirudi nyumbani hana utani. Alimweleza mkewe yote, kisha akasema taratibu kwamba kweli si jambo dogo, mtu kumvalisha mama wa watu viatu vilivyomvunja dada yake, na asiseme.

Jumamosi Mama Lebo alivitia viatu kwenye mfuko akaenda kwa miguu. Nyumba ya dada yake Fundi haikuwa ngumu kuipata, maana mlangoni palikuwa na kibao cha kushona mapazia. Alimkuta mwanamke wa miaka arobaini hivi, ameketi kwenye cherehani, kitambaa kizito kimemfunika magoti. Alipoinuka kumsalimia alishika ukingo wa meza, na mguu wa kushoto ulifuata kwa kuchelewa. Alimwamkia, akamkaribisha kiti, akauona mfuko. Kabla Mama Lebo hajatoa hotuba aliyoiandaa njia nzima, mwenyeji alivitoa viatu akaviweka mapajani.

"Vinakutosha?" akauliza.

"Vinanitosha."

"Nilijua. Binti yako aliniambia namba yako."

Mama Lebo alipanga upya kichwani kila alichokuwa anakijua. Kumbe binti alikuwa anakuja hapa. Kumbe zawadi haikuwa ya Fundi. Dada mtu akamweleza: viatu vilikaa kabatini miaka sita, vinazeeka bure, na aliposikia mama wa wifi yake mtarajiwa anapanda mlima kila siku kwa pedali za kuteleza, akamwambia mdogo wake avipeleke. Mdogo wake alikataa. Wakagombana mwezi mzima, tangu kabla hajafika kwa kina Mama Lebo. Mwishowe alivichukua, na ule mchubuko alijaribu kuuficha yeye.

"Wanasema vilikuvunja," Mama Lebo alisema.

"Wanasema." Alipitisha kidole kwenye mchubuko. "Nilikuwa mazoezini asubuhi, lori likasimama ghafla mbele yangu. Nikafunga breki, nikageuza kisigino, hakikutoka. Nikaangukia ukingo wa barabara. Lori halikunigusa. Skrubu zilikuwa zimekazwa mno, na aliyezikaza, jioni ya jana yake, ni huyo mdogo wangu. Mwenyewe atakwambia hivyo, na akishasema ataishia hapo. Ila mimi ndiye niliyemwomba. Mguu ulikuwa unachomoka kila nikivuta kwa nguvu, na mashindano yalikuwa wiki inayofuata. Nikamwambia kaza. Akakaza. Nikamwambia tena. Akasema inatosha. Nikamwambia kama hutaki, lete kifunguo, nitakaza mwenyewe."

"Sasa mbona anaona kosa ni lake?"

"Kwa sababu mkono uliokaza ni wake. Nimemwambia mpaka nimechoka. Anadhani namhurumia."

Na Mama Lebo, ambaye hakuwa amekuja kwa ajili ya kuamini, alifikiri hivyohivyo. Dada atamtetea mdogo wake, hasa mdogo anayetaka kuoa. Akauliza alilazwa hospitali gani, tarehe ngapi, saa ngapi. Yule mwanamke alimtazama, kisha uso wake ukalegea ukawa wa mtu anayezuia kicheko. Bila shaka binti alikuwa ameshamsimulia mama yake ni mtu wa namna gani. Aliinua godoro la kitanda cha pembeni akatoa picha ya eksirei ndani ya bahasha ya kahawia. Mama Lebo aliipeleka dirishani. Hakutazama mfupa. Alitazama pembeni, kwenye lebo. Jina lilianza kwa herufi zilezile mbili. Tarehe ilikuwa ya miaka sita iliyopita, na saa ilikuwa ya asubuhi, wakati wa mazoezi; nani aliomba skrubu zikazwe lebo haikusema, lakini mengine yote yalikuwa sawa.

Aliirudisha kwenye bahasha, akaketi. Halafu, bila kuulizwa, akasimulia habari za wanawake wawili wenye jina moja na zile siku tisa. Nje ya hospitali ni mumewe tu aliyewahi kuisikia. Alisimulia na kicheko chake cha siku ile, na mume aliyehama chumba. Dada mtu alisikiliza akikunja na kukunjua pindo la pazia. Hakumwambia kwamba halikuwa kosa lake. Alimuuliza tu kama yule mwanamke alirudiana na mumewe. Mama Lebo akasema hajui, hakuwahi kuwa na ujasiri wa kuuliza. Walikunywa chai. Alipoaga, mwenyeji alimrudishia viatu mkononi.

Jumapili Fundi aliitwa. Kinyozi, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, aliona hapamfai akaenda kufungua kibanda chake cha kunyolea siku ya mapumziko. Mama Lebo alimketisha Fundi uani, akaweka viatu mezani kati yao, ulimi umefunuliwa, herufi zinaonekana.

Fundi alizitazama. Kisha akasema yote, kwa maneno machache. Na kama dada yake alivyotabiri, alisema amekaza yeye, akaishia hapo.

"Alikuomba," Mama Lebo alisema.

"Ningeweza kukataa."

"Ungeweza. Na mimi ungeweza kuniambia mapema."

"Ningekuambia, mama, ungevivaa?"

"Nisingevivaa."

Fundi alivisogeza viatu upande wake, kana kwamba jibu hilo limemaliza kesi.

"Lakini ningekuamini siku ileile," Mama Lebo akasema. "Sasa umenichosha. Nimetembea mji mzima kwa miguu kutafuta kitu ulichokuwa umekikalia."

Aliomba radhi. Mama Lebo aliipokea radhi kama anavyopokea vitu vyote, polepole, akiitazama. Hakumwambia kwamba ameridhika. Alimuuliza swali lililomsumbua tangu mwanzo, la kucha. Fundi akaona haya, akasema anazisugua kwa sabuni na mchanga kila jioni kwa sababu binti anauza miwani, na wateja wake humtazama Fundi mikono anapokwenda kumchukua.

Kuhusu pedali, ni Fundi aliyetafuta njia. Alileta nyingine, upande mmoja zina kinaso, upande wa pili ni bapa za kukanyaga kwa kiatu chochote. Mjini na getini unatumia bapa. Barabara ndefu unageuza unanasa. Mama Lebo alijifunza wiki tatu uani na uwanjani kabla ya kwenda kwa mkuu wa maabara, na alipokwenda hakupeleka maneno. Alipeleka baiskeli. Mkuu alisimama kwenye baraza ya maabara na kikombe chake, akamwona akinasa na kuachia mara ishirini bila kugusa ukuta, akasema, "Barabara ya mlimani peke yake. Nikisikia umenasa ndani ya mji, nitavichoma." Kwa mkuu wa maabara, hiyo ilikuwa barua ya pongezi.

Mahari na mambo mengine yalizungumzwa mwezi uliofuata, dada yake Fundi akiwa msemaji wa upande wao, na Kinyozi alilalamika baadaye kwamba hajawahi kuona mshonaji anayejua kushikilia neno kiasi kile. Mama Lebo aliulizwa kama ana pingamizi. Alisema hana kwa sasa.

Harusi imeshapita. Mama Lebo bado anakwenda mlimani kila siku ya kazi, na viatu vya kunasa vimempunguzia dakika kumi na moja za kupanda. Amezipima kwa saa, si mara moja. Ila muuguzi wa zahanati ya mlimani, alipokwenda mjini kumnyolesha mwanawe, alimwambia Kinyozi kwamba mkewe anafika saa ileile ya siku zote. Kinyozi alizifikiria dakika hizo siku nzima. Hakuuliza.

Dakika hizo zinatumika hivi. Juu kabisa, kabla ya kuingia zahanati, boksi likiwa bado tupu, anageuza kisigino, anashuka, anakaa kwenye jiwe bapa kando ya barabara. Anavua viatu, anavipanga pembeni. Anakunywa maji kidogo kidogo na kutazama chini, kwenye barabara aliyopanda, ilivyo ndefu.